Uhakiki wa usalama wa chipu za kompyuta

Uhakiki wa usalama wa chipu za kompyuta ni kazi ya kuchunguza kama chipu, pamoja na programu zinazoendeshwa juu yake, inaweza kutunza siri iliyokabidhiwa. Siri hiyo inaweza kuwa ufunguo wa kusaini malipo ya benki, neno la siri la barua pepe, au data ya mteja mmoja kwenye seva inayotumiwa na wateja wengi kwa pamoja. Uhakiki huu ni tofauti na ule wa kawaida, ambao huuliza tu kama chipu inatoa majibu sahihi. Chipu inaweza kutoa majibu sahihi siku zote na bado ikavujisha siri.

Kwa muda mrefu maunzi, yaani sehemu za kompyuta zinazoshikika, yalikaguliwa na wahandisi wa maunzi, na programu zilikaguliwa na waandishi wa programu. Kila upande uliuamini upande wa pili. Dosari zinazoitwa Meltdown na Spectre, zilizotangazwa Januari 2018, zilionyesha kwamba pande zote mbili zinaweza kufaulu mtihani wake na siri ikatokea kwenye mpaka ulio kati yao. Tangu hapo uhakiki unaovuka mpaka huo umekuwa tawi kubwa la utafiti wa kompyuta.

Mpaka kati ya maunzi na programu

Prosesa na programu huelewana kupitia orodha ya amri. Hii ni aina ya mkataba: unaeleza kila amri ambayo prosesa inaielewa na matokeo yake. Mikataba inayojulikana zaidi ni x86, inayotumiwa na prosesa za Intel na AMD, Arm, inayotumiwa katika karibu simu janja zote, na RISC-V, iliyoanzishwa mwaka 2010 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Mwandishi wa programu hahitaji kujua transista zimepangwaje. Anasoma mkataba na kuandika.

Miongozo ya x86 ina maelfu ya kurasa. Inasema kwamba baada ya amri ya kujumlisha, rejista fulani itakuwa na jumla ya namba mbili. Kwa kawaida haisemi amri hiyo itachukua muda gani, wala itaacha alama gani ndani ya prosesa. Ukimya huo ulikuwa wa makusudi. Uliwapa wahandisi uhuru wa kuongeza kasi kila mwaka bila kuvunja programu za zamani, na ndiyo sababu programu ya miaka ya 1990 inaweza kuendeshwa bado leo. Lakini ukimya huohuo ndio uliofungua njia ya uvujaji.

Chanzo: kosa la Pentium

Kampuni za chipu zilianza kuutilia maanani uthibitisho wa kihisabati baada ya tukio lisilohusu siri hata kidogo. Mwaka 1994 Thomas Nicely, profesa wa hisabati katika chuo cha Lynchburg, Virginia, aligundua kwamba prosesa ya Pentium ya Intel inakosea katika baadhi ya hesabu za kugawanya. Mfano uliosambaa ni 4,195,835 kugawanywa kwa 3,145,727. Jibu sahihi linaanza na 1.33382, lakini Pentium ilitoa namba inayoanza na 1.33373. Chanzo kilikuwa jedwali lililo ndani ya chipu, ambamo nafasi tano zilizopaswa kujazwa ziliachwa tupu.

Intel ilisema kwanza kwamba mtumiaji wa kawaida angekutana na kosa hilo mara moja katika miaka 27,000. Wateja hawakuridhika, na mwezi Desemba kampuni ikakubali kumbadilishia chipu yeyote aliyetaka. Gharama iliyotengwa ilikuwa dola milioni 475. Hasara hiyo ilifanya kazi ambayo makala za wanahisabati hazikuwa zimeifanya: AMD na Intel zote zilianza kuthibitisha mizunguko ya hesabu kwa msaada wa programu za kuhakiki hoja za kihisabati. Kazi ya Edmund Clarke, Allen Emerson na Joseph Sifakis, walioweka msingi wa mbinu ya kompyuta kupekua hali zote zinazowezekana za mfumo, ilitunukiwa Tuzo ya Turing ya mwaka 2007.

Hata hivyo uhakiki wa namna hiyo ulilinganisha jibu la chipu na mkataba. Palipokuwa na ukimya katika mkataba hapakuwa na cha kulinganisha.

Meltdown na Spectre

Prosesa ya kisasa ina kasi kubwa kuliko kumbukumbu yake. Inapoomba data kutoka kumbukumbu kuu inaweza kusubiri mamia ya mapigo ya saa yake ya ndani. Ili isikae bure, inatumia njia mbili. Kwanza, huweka data iliyotumiwa karibuni katika hifadhi ndogo iliyo jirani, inayoitwa kache, ambayo husomwa haraka. Pili, hukisia: badala ya kusubiri kujua programu itaelekea njia gani, huchagua njia inayoelekea kuwa ndiyo na kuanza kazi mapema. Ikikisia sawa, muda umeokolewa. Ikikosea, hufuta matokeo na kuanza upya, na kwa mujibu wa mkataba ni kama hakuna kilichotokea.

Ni sawa na mama ntilie anayemwona mteja wake wa kila asubuhi akija kwa mbali na kumwekea chapati kikaangoni kabla hajasema neno. Mteja akiagiza uji, chapati inaondolewa na hesabu haibadiliki. Ila kikaango kimeshapata moto, na atakayekigusa atajua mama ntilie alitarajia nini.

Meltdown iligusa kikaango hicho. Programu ya kawaida hairuhusiwi kusoma kumbukumbu ya kiini cha mfumo wa uendeshaji, ambamo mna data za programu zote. Katika prosesa nyingi za Intel, programu ikijaribu kusoma baiti moja iliyokatazwa, prosesa iliichukua baiti hiyo na kuendelea nayo kwa muda mfupi kabla ukaguzi wa ruhusa haujakamilika. Mshambuliaji alitayarisha kurasa 256 za kumbukumbu yake mwenyewe, moja kwa kila thamani ambayo baiti inaweza kuwa nayo, na kuipa prosesa amri ya kufungua ukurasa wenye namba ya baiti hiyo. Ruhusa ilikataliwa na kazi yote ikafutwa, lakini ukurasa mmoja kati ya 256 ulikuwa umeshaingia kwenye kache. Mshambuliaji alipima muda wa kusoma kila ukurasa. Ule uliosomeka haraka ulitaja siri. Watafiti walisoma kumbukumbu kwa njia hiyo kwa kasi iliyofikia kilobaiti 503 kwa sekunde.

Spectre inafanana nayo lakini ni sugu zaidi. Haihitaji prosesa ivunje ukaguzi wa ruhusa. Inamshawishi mwathirika mwenyewe asome siri yake. Programu nyingi hukagua kwanza kama namba iliyotolewa iko ndani ya mipaka ya orodha, kisha husoma. Mshambuliaji huizoesha prosesa kwa namba halali mara nyingi hadi ikisie kuwa ukaguzi utapita, kisha hutoa namba iliyo nje ya mipaka. Prosesa husoma kwa kukisia, hufuta, na alama hubaki kwenye kache. Prosesa za Intel, AMD na Arm zote ziliguswa, na shambulio liliweza kufanywa hata kwa msimbo wa JavaScript uliomo katika tovuti.

Dosari hizi ziligunduliwa na watu kadhaa bila kutegemeana. Miongoni mwao walikuwa Jann Horn wa Google, Paul Kocher, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Graz nchini Austria. Intel iliarifiwa mwezi Juni 2017. Tangazo lilipangwa kufanyika tarehe 9 Januari 2018, lakini watu waliofuatilia mabadiliko ya ghafla katika msimbo wa Linux walianza kukisia, na habari ikatolewa tarehe 3.

Marekebisho yalilazimika kuandikwa kwenye programu, kwa kuwa chipu iliyokwisha kuuzwa haiwezi kuchongwa upya. Linux, Windows na macOS zilitenganisha kumbukumbu ya kiini na ile ya programu za kawaida ili kuzuia Meltdown, jambo lililopunguza kasi ya baadhi ya kazi. Vivinjari vilipunguza usahihi wa saa zao. Kwa Spectre hakukuwa na kiraka kimoja cha kutosha. Kila programu yenye siri ilipaswa kuangaliwa upya.

Jambo moja hutajwa mara chache. Prosesa rahisi ambazo hazifanyi kazi ya kukisia kwa kina, kama Cortex-A7 na Cortex-A53 za Arm, hazikuguswa na mashambulio haya. Ndizo zilizotumika katika simu nyingi za bei nafuu za miaka hiyo na katika kompyuta ndogo za Raspberry Pi. Kwa mara moja mwenye simu ya bei ya chini alikuwa salama kuliko mwenye seva ya gharama kubwa.

Kwa nini hazikuonekana mapema

Si kwamba hakuna aliyejua muda unaweza kusema siri. Paul Kocher huyohuyo alionyesha mwaka 1996 kwamba ufunguo wa usimbaji unaweza kupatikana kwa kupima tu muda ambao kompyuta inautumia. Waandishi wa programu za usimbaji walijifunza kuandika msimbo wa muda usiobadilika, yaani ule ambao hatua zake na sehemu za kumbukumbu unazozigusa hazitegemei siri. Walichokosa ni ahadi kutoka upande wa maunzi kwamba msimbo wa namna hiyo utaheshimiwa.

Sababu nyingine ni ya kihisabati. Kosa la kugawanya linaonekana katika jaribio moja: namba zinaingia, jibu si sahihi. Uvujaji hauonekani hivyo. Ili kuuona, inabidi kulinganisha majaribio mawili yanayofanana kwa kila kitu isipokuwa siri. Ikiwa kuna chochote anachoweza kukiona mshambuliaji ambacho kinatofautiana, hata muda wa pigo moja la saa, siri imevuja. Wazo hili la kutoingiliana liliandikwa na Joseph Goguen na José Meseguer mwaka 1982, likilenga mifumo ya programu. Kulipeleka ndani ya prosesa kulichukua miaka mingi.

Mbinu zinazotumika

Mbinu ya zamani zaidi ni kuigiza. Kabla ya chipu kutengenezwa, mchoro wake huandikwa kwa lugha maalumu kama Verilog au VHDL, na kompyuta huuigiza pigo kwa pigo huku ikilishwa majaribio mengi. Njia hii inakamata makosa mengi, lakini haiwezi kuthibitisha kwamba hakuna lililobaki. Prosesa ina hali nyingi mno kuzijaribu moja baada ya nyingine.

Uthibitisho wa kihisabati unajaribu kuziba pengo hilo. Mwaka 2019 watafiti wa Kaiserslautern nchini Ujerumani na Chuo Kikuu cha Stanford walieleza mbinu inayoweka nakala mbili za mchoro uleule wa prosesa pamoja, zikiwa na programu ileile na siri tofauti. Kompyuta inatafuta njia yoyote ya kuzifanya nakala hizo zitofautiane machoni pa mshambuliaji. Walionyesha kwamba badiliko dogo katika mchoro, ambalo mhandisi angeliona la kawaida kabisa, linaweza kufungua mwanya hata katika prosesa rahisi inayotekeleza amri kwa mpangilio. Ubaya wa mbinu za aina hii ni ukubwa: zinafaa kwa prosesa ndogo, na zile za seva bado ni mzigo mzito kwao. Pia zinahitaji mchoro wenyewe, ambao kwa kawaida ni siri ya kampuni.

Asiye na mchoro hubaki na chipu mkononi. Mtafiti Tavis Ormandy wa Google alitumia majaribio ya kubahatisha: alitengeneza programu fupi za nasibu, akaziendesha mara mbili kwenye chipu ileile, mara moja kama zilivyo na mara ya pili akiilazimisha prosesa imalize kila amri kabla ya kuanza nyingine. Matokeo ya mwisho yanapaswa kuwa sawa. Yalipotofautiana katika prosesa za AMD za kizazi cha Zen 2, alikuwa amepata dosari iliyoitwa Zenbleed, iliyotangazwa Julai 2023. Iliweza kufichua yaliyomo katika rejista za programu nyingine. Hapa pia siri ya kazi ni kulinganisha mara mbili.

Njia ya tatu inaurudia mkataba wenyewe. Mwaka 2021 kundi la watafiti, akiwemo Marco Guarnieri wa taasisi ya IMDEA mjini Madrid, lilipendekeza mikataba mipya inayoeleza wazi ni nini prosesa inaruhusiwa kuvujisha. Mwandishi wa programu anathibitisha kwamba siri yake haiingii katika orodha hiyo. Mtengenezaji wa chipu anathibitisha kwamba chipu haivujishi zaidi ya hapo. Kila upande unaweza kufanya kazi yake peke yake, lakini sasa kuna maandishi ya kuwahukumu wote wawili.

Programu iliyothibitishwa juu ya chipu isiyothibitishwa

Mfano unaofundisha zaidi ni seL4, kiini kidogo cha mfumo wa uendeshaji kilichotengenezwa Australia. Mwaka 2009 watafiti walikamilisha uthibitisho kwamba msimbo wake, wenye mistari takriban 8,700 ya lugha ya C, unafanya hasa kile ulichoelezwa ufanye. Uthibitisho wenyewe ulikuwa na takriban mistari 200,000. Watafiti hao waliandika bila kuficha kwamba wamechukulia maunzi kuwa sahihi. Meltdown haikuvunja hoja yao yoyote. Iliondoa ardhi ambayo hoja hizo zilisimama juu yake.

Jambo kama hilo lilitokea Machi 2024 na shambulio la GoFetch. Prosesa za Apple za M1 na M2 zina kifaa kinachoangalia data iliyosomwa na, kikiona namba inayofanana na anwani ya kumbukumbu, kinaenda kuileta anwani hiyo kabla haijaombwa. Kwa hiyo hata msimbo wa muda usiobadilika, ulioandikwa kwa uangalifu wote, uliweza kutoa funguo zake, kwa sababu prosesa iliishughulikia siri yenyewe kama anwani. Mwandishi wa programu alikuwa ametimiza sheria zote alizozijua. Kwenye M3 programu inaweza kuomba kifaa hicho kizimwe wakati wa kazi nyeti.

Kumbukumbu nazo zina mambo yake. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon na wenzao wa Intel walionyesha kwamba kusoma mstari mmoja wa kumbukumbu mara nyingi sana kunaweza kugeuza biti za mstari wa jirani. Kati ya moduli 129 walizozipima, 110 zilikuwa na tatizo hilo, linaloitwa Rowhammer. Mwaka uliofuata Google ilionyesha kwamba programu ya kawaida inaweza kulitumia kujipatia mamlaka juu ya kompyuta nzima.

Vyeti na mipaka yake

Chipu za kadi za benki, pasipoti na vitambulisho hupitia maabara huru zinazotoa vyeti vya usalama. Vyeti hivyo vina thamani, ila si kinga. Oktoba 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Masaryk nchini Ucheki walitangaza dosari ya ROCA katika maktaba ya programu iliyowekwa ndani ya chipu za Infineon. Ili kutengeneza funguo haraka, maktaba hiyo ilichagua namba tasa zenye muundo maalumu, na muundo huo ukarahisisha kuzikokotoa upya. Bidhaa zenye maktaba hiyo zilikuwa zimepata vyeti vya kimataifa.

Estonia ilikuwa na vitambulisho vya taifa vipatavyo 750,000 vyenye dosari hiyo, na wananchi wake huvitumia kusaini mikataba na hata kupiga kura kwa intaneti. Mwezi Novemba serikali ilisimamisha vyeti vya kidijitali vya kadi hizo mpaka wenyewe wazihuishe, na funguo mpya zikatumia aina nyingine ya usimbaji. Iliwezekana kwa sababu chipu zile zilikuwa na uwezo huo wa pili tayari.

Chipu za wazi

Tatizo la mchoro wa siri limewafanya wengine wachague kuuweka hadharani. Mradi wa OpenTitan, uliotangazwa na Google na shirika la lowRISC mwaka 2019, ni chipu ndogo ya usalama ambayo mchoro wake na majaribio yake vinaweza kusomwa na yeyote. Orodha ya amri ya RISC-V hutumika sana katika utafiti wa uhakiki kwa sababu hiyohiyo: chuo kisicho na makubaliano na kampuni yoyote kinaweza kupakua prosesa nzima na kuichunguza.

Mradi wa CHERI wa Chuo Kikuu cha Cambridge na SRI International, ulioanza 2010, unaibadilisha orodha ya amri yenyewe ili kila anwani ya kumbukumbu iwe na mipaka yake inayolindwa na maunzi. Arm ilitoa bodi za majaribio zenye teknolojia hiyo, zinazoitwa Morello, Januari 2022, na sifa kuu za usalama za orodha yake ya amri zimethibitishwa kihisabati. Uthibitisho huo unahusu mkataba. Chipu yenyewe, pamoja na ukisiaji wake na kache zake, ni kazi nyingine.

Uwazi wa mchoro hauondoi swali la kiwanda. Mchoro uliokaguliwa unaweza kubadilishwa kabla ya kuchapwa kwenye silikoni, na mzunguko wa ziada wenye transista chache ni mgumu kuuona kati ya mabilioni. Watafiti hulinganisha picha za hadubini na mchoro wa asili, au hupima umeme unaotumika na kutafuta tofauti. Njia ya kwanza kwa kawaida huiharibu chipu inayochunguzwa, hivyo kinachokaguliwa ni sampuli, na chipu inayowekwa kwenye mashine ni nyingine.